Mbwa Aliyemnasa Kapita

Mume wangu aliniachia mbwa mmoja, wavu wa kuwindia, koti la mvua, na shamba la maharage ambalo lilikuwa langu tangu mwanzo. Koti nilimpa ndugu yake. Nikabaki na mbwa na wavu, na hivyo viwili vilinisumbua kuliko shamba lote.

Jina la mbwa sitaliandika. Mume wangu alimpa jina la mtu mmoja wa kwao Itebero mwenye masikio makubwa, na mtu huyo bado yuko hai.

Marehemu alikuwa mtu wa msitu. Alikuja kwetu Ngungu kupasua mbao, akakaa, akanioa, na mpaka anakufa alikuwa akilalamika kwamba milima yetu ina baridi na kwamba tunakula viazi kama watu walioadhibiwa. Kila baada ya wiki chache alichukua wavu na mbwa akapanda mpaka ukingo wa msitu, akarudi na mnyama mdogo, au akarudi na maneno mengi. Mimi sikuuliza kitu. Kwao mambo ya uwindaji hayaelezwi mwanamke, na mimi nilikuwa na kazi zangu.

Mbwa mwenyewe ni wa aina ya kule kwao: mdogo, mwekundu, mkia umejikunja juu ya mgongo, na habweki. Akitaka kusema jambo, anatoa sauti kama mtu anayeimba vibaya kanisani. Kwa kuwa habweki, anavaa kengele ya mti shingoni, ili wawindaji wasikie yuko wapi. Siku za uwindaji nilikuwa naisikia nikiwa shambani, kutoka ng'ambo ya bonde. Nikiisikia nilijua: basi, wako pale. Nikaendelea kulima.

Mume wangu aliugua kifua. Tulimteremsha hospitalini Kirotshe, akakaa siku tisa, hakurudi. Sikulia kwa sauti, na watu walilisema hilo. Wanawake wa kwetu wanajua kulia, na mimi nilikaa kwenye mkeka kama mtu anayengoja zamu yake. Sikuwa nimejizuia. Sauti haikutoka tu.

Siku za kilio zilipokwisha na watu wakaondoka, nyumba ikanyamaza sana. Asubuhi moja nilikuwa namtoa mbwa viroboto, nikaona ndani ya kengele yake mmejaa nyasi kavu, zimeshindiliwa mpaka vijiti vya ndani havichezi. Nilidhani ni uchafu wa msituni. Nikazichokoa zote, nikaifuta kengele kwa kitambaa na mafuta kidogo. Mbwa akasimama, akajitikisa, kengele ikalia ko-ko-ko. Nilikaa chini palepale uani na kumwacha ajitikise tena.

Wiki hiyohiyo kuku walianza kuchakura maharage yangu ya kando ya nyumba. Mimi ni mtu wa shamba; wavu kwangu ni ua. Nikautoa wavu wa marehemu juu ya dari, nikaufunga kwenye miti kuizunguka bustani, nikajisifu kwamba sasa nimeutumia vizuri.

Matatizo ya mbwa yalianza siku iliyofuata.

Kwanza alileta mabata. Jirani yangu ana mabata saba, na anawapenda kuliko mashemeji zake. Nilikuwa napalilia nikasikia kengele inashuka mbio, kisha nikaona mabata wote saba wanakuja kwa mstari, shingo mbele, mbwa nyuma yao akienda kushoto na kulia kama askari wa barabarani. Wakaingia kwenye wavu. Mbwa akasimama, akaniangalia mimi, akaangalia mabata, akaniangalia tena.

Jirani alifika anahema.

"Mama! Bwana yako alikufa lakini njaa yake haikufa?"

"Unisamehe, dada. Sijui amepatwa na nini."

"Mimi najua. Anaiba. Alifundishwa kuiba."

"Kama ni kuiba, mbona anakuleta na wewe?"

Hakucheka. Tukatoa bata mmoja mmoja kwenye wavu, kila bata akitupiga mabawa usoni.

Baadaye ikawa mbuzi. Ikafuata ndama wa watu wa juu, aliyeng'oa miti yangu miwili na kuondoka na kipande cha wavu begani kama mtandio. Nikashona wavu, nikapigilia miti upya. Kila siku ya Mungu mbwa alitoka mapema, akarudi na kitu. Hakuuma hata mmoja. Alileta tu, akaniangalia. Mimi nilimpigia kelele, nikamnyima chakula, nikamfunga kwa kamba. Kamba aliitafuna. Nikimpigia kelele alishusha masikio, akarudi mlimani, akaleta kitu kikubwa zaidi.

Maneno yakaenea. Jirani alisema mahali pa kuchota maji kwamba si mbwa anayefanya vile. Marehemu anakusanya mifugo ya Ngungu kwa sababu alipokuwa hai hakuwa na ng'ombe hata mmoja. Watu wa chumba cha maombi walikuja kuniomba nimlete mbwa aombewe. Niliwakatalia kwa upole. Lakini niseme ukweli, kwa kuwa sina faida ya kuuficha: nilitamani jirani awe anasema kweli. Jioni nilikaa mlangoni nikisikiliza kengele, nikajiambia labda.

Hapo ndipo kapita alipokuja. Kapita ndiye anayetutawala kwenye kilima chetu kwa niaba ya chifu. Ni mtu mfupi, mtaratibu, anatembea na mwavuli hata kusipokuwa na mvua. Alikuja kusikiliza mashtaka ya jirani, na jirani akiwa tayari amekaa uani kwangu na mabata wawili mikononi kama ushahidi. Tulimwona kapita anateremka njiani kwa heshima yake. Kisha tukasikia kengele nyuma yake.

"Usikimbie, Papa!" nilipiga kelele.

Alikimbia. Mtu yeyote angekimbia. Mbwa akamzuia kulia, kapita akakata kushoto. Mbwa akamzuia kushoto, akakata kulia. Na mwisho akabaki na njia moja tu. Aliingia kwenye maharage yangu kwa kifua, wavu ukamshika kifungo cha koti, mwavuli ukafunguka wenyewe ndani ya wavu, akaanguka akiwa amekaa. Mbwa akasimama. Akaangalia kapita. Akaniangalia.

Nilikwenda kumtoa lakini alininyooshea mkono.

"Acha. Acha kwanza, Mama. Nitasema nikiwa humuhumu ili kila muntu aone."

"Papa Kapita, mimi naomba musamaha..."

"Ninasema hivi. Mbwa huyu, mupaka maharagi itavunwa. Kama haijabadilika, watamumaliza. Ao wewe utamurudisha kwao mu pori. Nimesema."

"Umesema vizuri, Papa," jirani alisema, na bata mmoja akamponyoka.

Ilichukua muda mrefu kukitoa kile kifungo. Kapita alikaa ananitazama nikikishughulikia, na nadhani alikuwa anangoja nilie. Nilikuwa nahesabu. Maharage yalikuwa yameanza kutoa maua. Nilikuwa na wiki sita hivi.

Nilisikia kwamba Kirotshe kuna veterineri, daktari wa mifugo. Sikutaka kwenda Kirotshe. Lakini nilikwenda, na mbwa kwenye pikipiki, amekaa kati yangu na dereva, kengele inalia kila shimo la barabara mpaka watu wakatupisha. Dereva alifurahi.

"Mama, uniachie hii mbwa. Iko muzuri kuliko klaksoni."

Tulipita mbele ya lango la hospitali. Watu husema mbwa wanajua. Huyu hakujua kitu. Aliinua mguu kwenye nguzo ya lango, akamaliza, akataka tuendelee. Ni mimi niliyesimama pale.

Veterineri alikuwa kijana mwenye buti za mpira na uchovu. Kazi yake ni ng'ombe. Masisi yetu nzima ni ng'ombe. Alimfungua mbwa mdomo, akamshika tumbo, akatoa daftari.

"Anakula muzuri?"

"Ndiyo."

"Anatoa litre ngapi kwa siku?"

Nikamwangalia. Akaangalia alichoandika kwenye daftari, akafuta.

"Unisamehe, Mama. Ni mazoea."

Nilimweleza yote, kuanzia mabata mpaka kapita. Nilipofika kwenye mwavuli aligeuka dirishani, mabega yanatikisika. Alimpa mbwa dawa ya minyoo. Kisha akamwachia uani kwake, ambako palikuwa na ndama anayengoja sindano, akasimama na mimi kutazama. Kengele ikaanza. Mbwa akazunguka nyuma ya ndama, taratibu, akaanza kumsogeza. Alikuwa anamleta kwangu.

Yule kijana alitazama kwa muda. Ninamshukuru mpaka leo kwa alilosema, kwa kuwa angeweza kuniuzia sindano.

"Mama, hii mbwa haiko mugonjwa, na haiko mubaya. Iko kazini. Lakini ni kazi ya namna gani, mimi sijui. Mimi niko wa ngombe. Utafute muntu wa kazi yake."

Mtu wa kazi yake alikuwa mmoja tu niliyemjua kwa kusikia: mjomba wa mume wangu huko Itebero, aliyemfundisha kuwinda na kumpa mbwa huyu akiwa mdogo. Marehemu alikuwa akisema watu huja kwake kutoka mbali na mbwa walioharibika: mbwa anayekula mnyama kabla wenyewe hawajafika, mbwa anayeogopa mvua, mbwa anayewafuata wanawake shambani badala ya kuwafuata wanaume msituni. Sikuwahi kufika kwake. Nilingoja nisikie barabara ni salama, nikafunga jibini moja kubwa la kwetu katika majani ya ndizi, kwa kuwa huwezi kwenda kwa wakwe mikono mitupu, nikateremka ziwani, nikazunguka na lori, na mwisho nikatembea siku nzima chini ya miti mikubwa, mbwa mbele yangu. Hajawahi kutembea vile Ngungu. Alikuwa kama mtu anayerudi nyumbani na kuonyesha wageni njia.

Mzee alikuwa amekaa barazani anasuka kamba. Alimsikia mbwa kabla ya kuniona. Akaweka kamba chini.

"Nani anawinda mu njia ya watu?" aliuliza.

Nikajitambulisha, nimepiga magoti kidogo na kuangalia pembeni, kama mkwe anavyotakiwa. Habari ya msiba ilikuwa imemfikia, lakini mimi hakuwa ameniona. Akaniita mkwe, akaniambia nikae. Nilimpa jibini. Alilinusa, akashukuru kwa maneno mengi mazuri, na baadaye nikaona nusu yake iko kwa mbwa.

Asubuhi iliyofuata nilijitayarisha kumweleza tabia za mbwa. Hakutaka kusikia habari za mbwa.

"Unionyeshe asubuhi yako," alisema. "Fanya kama uko kwako."

"Sina ufagio, Papa."

"Fagia bila ufagio."

Basi, mimi mwanamke mzima, mjane, nilifagia uwanja wa watu kwa mkono mtupu. Nikapika uji usiokuwapo. Nikafungua mlango wa hewa. Mke wake na majirani walikaa kutazama kama watu walioletewa mchezo. Mbwa alinifuata huku na huku, ko-ko-ko. Nilipofika mahali pa kuinama na kumfuta mbwa kengele, kama nilivyokuwa nikifanya kila asubuhi, mzee akanyoosha kidole.

"Simama hapo. Nyasi iko wapi?"

"Nyasi gani, Papa?"

"Ya kengele."

"Ile? Niliitoa. Nilifikiri ni uchafu."

Akafunga macho.

"Uliitoa siku gani?"

"Baada ya kilio. Sasa ni miezi miwili."

"Na nyavu? Nyavu ya mutoto wetu iko wapi?"

"Iko ku maharagi."

"Inafanya nini ku maharagi?"

"Inakataza kuku."

Alijaribu kujizuia, nilimwona. Alishika goti. Kisha kikamtoka kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwa mtu wa umri ule. Mke wake alidhani amepaliwa, akaja kumpiga mgongoni.

"Mukuje musikie!" alikuwa akisema. "Mukuje musikie mambo ya Ngungu!"

Alipopata pumzi alinieleza, na alinieleza vizuri, ingawa mimi ni mwanamke. Mbwa wa kwao haambiwi kwa maneno kwamba kazi imeanza. Ukimtoa nyasi kengeleni, umemwambia twende. Ukitandaza wavu, umemwambia leta hapa. Wawindaji wanakaa nyuma ya wavu. Mbwa anazunguka na kumsukuma mnyama mpaka anaswe. Wakimaliza, mwenye mbwa anazishindilia nyasi kengeleni, anamwambia neno moja, "Tumerudi," na kumpa kipande chake. Hapo kazi imekwisha, naye anakwenda kulala.

"Sasa wewe," mzee alisema, "miezi miwili kila asubuhi unafuta kengele. Unamuambia, twende, twende. Anakwenda. Anakuletea bata: hauui. Anafikiri, labda huyu mama hapendi bata. Anakuletea mbuzi: hauui. Anakuletea ndama. Mwisho anakuletea kapita, na kapita pia unamufungulia! Huyu mbwa anasema, nimepewa muwindaji wa namna gani?"

Watu wote walicheka, na mimi nikacheka. Nilicheka nikamwona kapita na mwavuli wake ndani ya wavu, nikacheka zaidi, na katikati ya kicheko ile sauti ambayo haikutoka msibani ikatoka. Sikuweza kuizuia. Mke wa mzee aliwafukuza watu, akakaa karibu nami. Mbwa aliendelea na jibini.

Nilipotulia, mzee aling'oa nyasi kando ya baraza, akaniwekea mkononi.

"Uishindilie. Wewe ndiye unamulisha, mimi hatanisikia."

Niliziangalia zile nyasi.

"Papa, nikiishindilia sitaisikia tena."

"Hautaisikia."

"Kule nyumbani ndiyo sauti tu iliyobaki."

Aliichukua tena kamba yake, akaanza kuisuka.

"Mukwe, ile haiko yeye. Ni mbwa. Na mbwa amechoka."

Sikuweza kuifanya pale, na hakunilazimisha. Alisema afadhali nikaifanye Ngungu, mahali ambapo uwindaji huu wa ajabu ulianzia. Nikarudi njia yote na nyasi mfukoni, kengele inalia mbele yangu siku nzima ndani ya msitu. Nilitembea polepole. Njia ya kwenda niliitembea kwa mchana mmoja. Ya kurudi nililala njiani, na miguu yangu haikuwa na shida yoyote.

Maharage yalikuwa yameanza kukauka nilipofika. Nilikaa siku mbili zaidi bila kufanya kitu. Katika siku hizo mbili mbwa alileta mabata mara tatu. Siku ya tatu jirani akaniambia juu ya uzio, bila hasira, "Mama, kapita amesema atakuja kesho. Atakuja na watu wenye fimbo." Na kwa namna alivyolisema nilijua hata yeye hakupenda.

Nikafungua wavu kwenye miti yote, nikaukunja, nikaurudisha juu ya dari. Nikamwita mbwa. Alikuja anachechemea, sikuwa nimeona kwamba kucha zake zimelika mpaka kwenye nyama. Nikakaa chini, nikamshika kengele, nikashindilia nyasi za Itebero kidogo kidogo, kama mtu anayefunga dirisha mvua inapokuja. Nikakitikisa kichwa chake. Haikulia. Nikampa kipande cha nyama niliyokuwa nimeinunua sokoni, nikasema, "Tumerudi."

Alikula. Akazunguka mara tatu mahali pamoja, akalala. Alilala mchana wote, na jioni, na asubuhi nilimshika mbavu kuhakikisha anapumua.

Kapita alikuja na watu wawili wenye fimbo. Alisimama mbali, mwavuli mbele kama mkuki.

"Nyavu iko wapi?"

"Niliitoa, Papa."

"Na yeye?"

"Yule pale, analala."

Akaja hatua moja. Akaja nyingine. Mbwa akafungua jicho moja, akamtambua, nadhani, kama mnyama aliyewahi kumkamata akaachiliwa kwa uzembe wa watu. Akalifunga. Kapita akasogea kushoto, kisha kulia, kumjaribu. Hakuna kitu. Akaniuliza nimempeleka kwa daktari gani. Nikamwambia kuna mmoja Itebero, hatumii sindano, anatibu kwa nyasi.

"Nyasi anakunywa?"

"Hapana, Papa. Ni ya kengele."

Alishusha mwavuli wake. Kisha akawaambia watu wake warudi na fimbo zao, akaniomba maji, na akayanywa akiwa amesimama.

Siku hizi nyumba iko kimya. Sitasema nimezoea, bado jioni nakaa mlangoni kwa sababu nilizoea kukaa. Kuku wamerudi kwenye bustani. Wiki iliyopita mabata wa jirani waliteremka wenyewe, wote saba, wakaingia kwenye majani yangu ya maharage na kuanza kula mbele ya macho yetu. Jirani alikuwa amesimama juu, anatazama, akaniambia kwa sauti, "Mama, zamani tulikuwa tunasikia anakuja. Sasa hata sijui mabata wangu wako wapi!"

Mbwa aliinua kichwa. Aliangalia mabata. Akaniangalia mimi kwa muda mrefu, masikio yamesimama.

"Tumerudi," nilimwambia.

Akaweka kidevu chake juu ya miguu. Mimi nikainuka kwenda kuwafukuza mabata mwenyewe.